Lecha na Darubini ya Miguu Mitatu

Nimeanza kuandika haya leo Ijumaa, saa kumi na robo jioni. Lecha ametoka mlangoni kwetu sasa hivi. Chai yake ameiacha nusu na kikombe bado kina joto. Ameniomba kitu. Anataka kesho asubuhi niende naye Kibera, kule bondeni anakokaa senje yangu, dada ya marehemu baba, niwaambie watu wa huko wasiwafukuze wanafunzi wake. Wanakuja kupima mahali pa kujenga daraja la miguu.

"Wewe watakusikiza," amesema. "Wewe ni mtoto wao."

Mimi! Mimi ambaye mwalimu akiniuliza swali darasani sauti inarudi tumboni. Lakini si aibu peke yake iliyonikalisha hapa na kalamu. Ni kwamba simwamini Lecha. Tumekaa naye plot moja ya vyumba vya kupanga tangu nikiwa Form Two, sasa niko Form Six, fizikia karibu yote ninayoijua amenifundisha yeye, na simwamini. Mama anasema kumshuku mtu aliyekutendea mema ni tabia mbaya. Pengine. Lakini senje ana nyumba moja tu. Nikisimama mbele ya majirani zake niseme huyu ni mtu mzuri, halafu tingatinga lije, nitaangalia wapi?

Kwa hiyo nataka kuandika kila ninachokijua juu yake, hata kisicho na maana, kisha nikisome kana kwamba kimeandikwa na mtu mwingine. Nikimaliza nitajua kama nitaenda.

Ametoka wapi na ni wa nani, siwezi kuandika kwa sababu sijui, na hilo lenyewe linanishangaza. Hapa Kawangware mtu akihamia, kabla hajafungua kamba ya godoro ameshaulizwa kwao ni wapi, anasali wapi, na nani alimwonyesha chumba. Lecha aliulizwa akajibu, "Kwetu ni kule mnakoniona naenda kila asubuhi." Alimaanisha Chuo Kikuu, shule ya uhandisi. Watu walicheka pale nje. Walipoingia ndani kwao hawakucheka.

Maana hebu fikiria. Mwalimu wa Chuo hupewa nyumba yenye nyasi mbele na bafu ndani. Huyu amepanga chumba kimoja cha mabati, cha mwisho kabisa, karibu na choo. Kwa nini? Wamama wa plot walisema amefukuzwa na bibi. Wanaume walisema ni pombe, ingawa hakuna aliyewahi kumwona amelewa. Mwenye plot, mzee ambaye babake alipanda viazi hapa kabla hapajawa na nyumba hata moja, alikuwa na neno lake moja tu: "Huyu ametumwa. Msomi haji kukaa na sisi bure." Mimi nilikuwa upande wa mwenye plot. Nafikiri bado niko huko.

Hata hilo jina, Lecha, yaani lecturer, mwalimu wa Chuo, wengine walianza kumwita kwa kejeli. Yeye aliitika kana kwamba ndilo alilobatizwa.

Ni mtu mfupi, shati jeupe, tai moja ya kahawia siku zote za kazi, na mfukoni rula ya mbao ile ya kukunja. Miwani yake huifuta kwa tai. Huipulizia pumzi, anageuza ncha ya tai upande wa ndani, anafuta polepole huku akipiga mluzi wa chini kwa meno. Hilo la tai nitalirudia.

Hawezi kupita ukuta bila kuugonga kwa vidole na kusikiliza. Alipokuja kwetu mara ya kwanza, kabla ya kusalimia alishika nguzo ya mlango akaisukuma. Mama akamwambia, "Mwalimu, unataka kutuangushia nyumba?"

"Hapana, mama. Nataka kujua itaanguka upande gani."

Mama alilipeleka hilo kwa kila mtu kwenye foleni ya maji. Lakini jioni alinituma nihamishe kitanda changu upande ule mwingine.

Jumapili sisi tukienda kanisani, yeye anafua. Anafua akiimba nyimbo za kanisa, anazijua zote, tena sauti ya tatu, ambayo hata kwaya yetu inawashinda. Mtu ambaye hajui nyimbo akikosa kanisa, sawa. Huyu anazijua na haendi. Kuna siku nilisimama nyuma ya kamba ya nguo nikimsikiliza, nikawa nataka kumuuliza, nikashindwa. Mambo mengi juu ya Lecha sijui kwa sababu hiyo tu: nilisimama nyuma ya kitu, nikashindwa.

Tena anajipinga mwenyewe. Anapima kila kitu, lakini chumvi anaimwaga kwa mkono bila kuangalia, na mboga yake hailiki. Atakaa na wewe jioni nzima akikueleza umeme, lakini ukimwomba kiberiti anauliza utakirudisha lini. Anasema msichana anaweza kazi yoyote ya mwanamume, na akimaliza kusema anamtuma msichana wa jirani dukani amletee sigara.

Watu wengine huongea juu ya watoto wao. Lecha anaongea juu ya shule. "Shule yetu," anasema, na hapo unajua chai itapoa. Anasema walipoanza, karakana ilikuwa banda, na mashine chache zilizokuja na wazungu wake. Nati ikilegea, inangojewa barua iende ng'ambo irudi na mtu wa kuikaza. Sasa, anasema, zinakazwa na vijana waliosoma pale pale, na vijana hao wameanza kufundisha wengine. Jengo lao likiongezwa ghorofa, tunapata habari zake kila jioni. Leo wamefunga nondo. Leo wamemwaga slabu. Leo mvua imenyesha juu ya slabu na yeye hana raha, hali chakula. Ukipita naye barabarani mkielekea kununua mkaa, anaonyesha tangi la maji kule juu na kusema, "Ile hesabu amepiga mtoto wetu." Daraja fulani ni la mtoto wao. Nguzo za umeme ni za mtoto wao. Wakati mwingine nilihisi Nairobi nzima ni ya watoto wao, na sisi wengine tumepangishwa.

Kitu alichokisifu kuliko vyote ni mfereji wa kioo. Ni mfereji mrefu uko ndani ya nyumba, kuta zake ni kioo, wanaweka mchanga chini, wanasimamisha nguzo ndogo kama ya daraja, halafu wanafungulia maji. Unaona kwa ubavu jinsi maji yanavyozunguka nguzo na kula mchanga kutoka chini yake, huku juu nguzo imesimama tu kama haina shida. "Ukiona hivyo mara moja," alisema, "huwezi tena kuvuka mto ukiwa mjinga."

Mama akaniambia baadaye, "Mtu akisifu duka namna hiyo, ujue ni lake." Nilikubaliana naye. Lakini mfereji ule niliuota.

Sasa nije kwenye habari ya mawe. Wanafunzi wake huchanganya simiti, mchanga na kokoto, wanajaza kwenye masanduku madogo ya chuma, likikauka linatoka jiwe la mraba. Wanaliloweka majini siku nyingi, kisha wanalibana kwa mashine mpaka lipasuke, wajue lilikuwa na nguvu kiasi gani. Kila mwanafunzi huchora juu yake herufi za jina lake na tarehe, likiwa bado bichi. Yakishapasuka hutupwa. Lecha alianza kuyabeba yale yaliyopata ufa tu, kwenye begi lake la vitabu, jioni baada ya jioni, akayapanga chini kutoka milangoni kwetu hadi kwenye bomba, maana mvua ikinyesha pale matope yanafika kwenye vifundo vya miguu. Hakumuuliza mtu. Aliyapanga tu, kwa kamba, yamenyooka kabisa.

Asubuhi moja mwenye plot akaja kuangalia mambo yake. Akaona mawe ya mraba, yamenyooka kama mstari wa rula, yana herufi na namba. Alishika kichwa.

"Kai! Nani ameweka bikoni kwa shamba yangu?"

Bikoni ni yale mawe ya mpaka wanayoweka watu wa ardhi. Mzee alikuwa na hofu ya miaka kwamba barabara itapitishwa katikati ya plot yake, na sasa aliiona imefika mpaka bomba. Alichukua jembe mwenyewe, akayang'oa yote. Lecha aliporudi jioni alikuta rundo getini na mzee amekaa juu yake.

"Umetumwa na nani?" mzee akamuuliza.

"Mzee, hayo ni mawe ya wanafunzi."

"Na hii namba?"

"Ni siku lilipomwagwa."

"Si ya shamba?"

"Si ya shamba."

"Apa."

"Mimi siapi," Lecha akasema. "Usiniamini. Chukua nyundo, vunja, uangalie ndani."

Basi mzee akaletewa nyundo, plot nzima tumesimama. Akavunja moja. Kokoto. Akavunja la pili. Kokoto. Alivunja mpaka jasho likamtoka, na Lecha anamwambia taratibu, "Hilo la kijana mmoja, maji yalizidi, ona linavyovunjika kama keki. Hilo nalo pole, hilo litakusumbua, huyo msichana alichanganya vizuri." Na kweli lilimsumbua, likaruka likampiga mguu. Tulicheka mpaka mwenye plot mwenyewe akacheka. Mawe yakarudishwa, ila mzee alitoa amri: maandishi yaangalie chini. Mpaka leo tunakanyaga migongo yake. Majina yako kwenye udongo.

Tangu siku ile watu walianza kumpenda Lecha. Mimi niliona kitu kingine. Niliona kwamba katika kelele yote ile, hakusema hata mara moja, "Mzee, ningekuuliza kwanza." Halikumjia. Njia ilikuwa nzuri, watu walikuwa wanaihitaji, basi.

Hilo "usiniamini" ndilo neno lake. Alinifundishia fizikia kwa neno hilo. Nikisema, "Ndiyo, nimeelewa," anakasirika. "Umeelewa nini? Usiniamini. Pima." Nilifunga jiwe kwa uzi mlangoni nikalibembeza mpaka Mama akaligonga na kichwa. Nilipima, na kila mara alikuwa amesema kweli. Akaanza kuniambia nikimaliza Form Six niandike uhandisi. Mama anataka ualimu. Mimi nilimuuliza Lecha swali moja tu, kwa shida, nikiangalia chini: je, kuna wasichana?

"Wasichana wapo," akasema.

Mwaka jana mwalimu wetu alitupeleka kuona ile shule siku wanayofungulia watu milango. Nilimwona msichana. Alikuwa na ovaroli ya khaki, grisi shavuni, anazungusha chuma kwenye mashine na hakutuangalia. Nilingoja wenzangu wapite mbele ndipo nikapata sauti.

"Mko wangapi darasani?"

"Wasichana?" Akazima mashine. "Si unaniangalia."

"Peke yako?"

"Na choo chetu kiko jengo lile lingine, ng'ambo ya barabara. Ukija, uje na miguu." Kisha akanitazama vizuri. "Lakini kuja."

Jioni nilimwambia Lecha, "Ulisema wasichana wapo."

"Hukumwona?"

"Nimemwona."

"Basi yupo."

Akacheka. Mimi sikucheka. Hapo ndipo nilipomwelewa, au nilidhani nimemwelewa. Lecha hasemi uongo. Anaukata ukweli kama ubao, anakupa kipande kinachotosha kazi yake, na kile kingine kinabaki karakana. Tangu hapo kila akisema jambo, mimi natafuta kipande kilichobaki.

Na niseme kweli, kwa kuwa hii naandika mimi na hakuna wa kunicheka. Siku ile niliuona mfereji wa kioo. Nilisimama pale mpaka mwalimu akarudi kunitafuta. Maji yalikula mchanga chini ya nguzo vile vile Lecha alivyosema, na mimi nilitaka kukaa pale maisha yangu yote. Ndiyo maana namwogopa. Mtu anayekupa kitu usichokitaka, unamkataa upesi. Huyu ananipa kile ninachokitaka.

Sasa nifike kwenye lile ambalo sijamwambia mtu yeyote.

Kabla ya Kawangware tulikuwa tunakaa Kibera, bondeni, ng'ambo ya kijito kutoka kwa senje. Nilikuwa bado sijaanza shule. Siku moja walikuja watu wenye vijiti vya rangi nyekundu na nyeupe, na darubini iliyosimama kwa miguu mitatu. Sisi watoto tuliwazunguka. Mmoja wao aliyekuwa akiangalia kwenye darubini alitugeukia, akaipulizia pumzi, akafuta kioo kwa tai yake, akaniinua mimi, kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote. "Usiogope," akasema, "ni kioo tu." Nikaangalia. Nikaona nyumba yetu. Mlango ulikuwa wetu, kanga ya Mama ilikuwa kwenye kamba. Lakini kila kitu kilikuwa juu chini. Paa lilikuwa chini na ardhi ilikuwa juu, na kanga ilining'inia kuelekea mbinguni.

Nilikimbia kumwambia Mama, akanifukuza nisimmwagie unga.

Muda si mrefu tingatinga likaja. Hakuna aliyejua limetumwa na nani, kila mtu alitaja mtu mwingine. Nyumba za upande wetu zote zilikwenda. Upande wa senje zilibaki. Nilipoona paa letu limelala chini na udongo umemwagwa juu yake, sikushangaa hata kidogo. Nilikuwa nimeshaliona hivyo. Kwa miaka mingi niliamini ile darubini ndiyo iliyoigeuza nyumba, na kwamba mimi kwa kuangalia niliwasaidia. Na si mimi peke yangu. Mpaka leo bondeni kule watu wakiona miguu mitatu, wanaanza kufunga vyombo.

Nilikuwa Form Three Lecha aliponichorea jinsi mwangaza unavyopita kwenye lenzi. Mistari ilikutana, ikapishana, na mshumaa aliouchora ukatokea upande wa pili umesimama kwa kichwa. "Ndiyo maana darubini zetu za kupimia zinaonyesha dunia juu chini," akasema. "Usiogope, ni kioo tu." Akavua miwani, akapuliza, akageuza tai. Mimi niliinama nikanakili mistari yake.

Sikumuuliza. Siku zote hizi sikumuuliza, mpaka leo.

Leo alikaa mlangoni, Mama anapepeta mchele ndani. Akaeleza habari za Kibera. Watoto wa senje na wenzao wanavuka kijito juu ya nguzo ya simu iliyolala, mvua ikija hawaendi shule. Wanafunzi wake watachora daraja, na watu wa nje ya Chuo wameahidi vyuma. Lazima kwanza bonde lipimwe. Wiki iliyopita walifukuzwa kwa maji ya ukoko, yale ya kulowekea sufuria.

"Hakuna nyumba itakayoguswa," akasema.

Nikatafuta kipande kilichobaki. Sijui sauti ilitoka wapi.

"Hiyo ramani ikimalizika inaenda wapi?"

"Inasahihishwa. Wanafunzi wanapewa alama."

"Halafu?"

"Inawekwa kabatini."

"Na nani ana ufunguo wa kabati?"

Alivua miwani. Akaipulizia. Akageuza tai. Mluzi haukutoka. Aliniangalia bila miwani, na macho yake yalikuwa madogo kuliko nilivyodhani.

"Mlikuwa mnakaa Kibera," akasema. Hakuwa anauliza.

"Uliniinua nikaangalia. Nyumba yetu ilikuwa juu chini."

Mama aliacha kupepeta.

"Tulikuwa tunafundisha kupima," Lecha akasema. "Bonde lile ni zuri kwa kufundishia, lina mteremko, lina maji. Kazi ikawa safi, safi sana. Shule ilikuwa bado changa. Mtu akaja ofisini akasema amesikia tuna ramani nzuri, anaomba kuiona. Tukampa. Tulifurahi, binti. Kwa mara ya kwanza mtu wa nje anataka kazi yetu."

"Mkamuuliza ni ya nini?" Mama alisema kutoka ndani.

"Hatukuuliza."

"Na tingatinga ndiyo hiyo ramani ilileta?"

"Mama, sijui. Nimetafuta kujua, nimeshindwa. Huenda ndiyo, huenda wangekuja tu."

"Ndiyo maana ukaja kukaa huku?"

"Huku nasikia watu wakisema," akajibu. Hata hilo sijui limekatwa wapi.

Nikamuuliza la mwisho. "Na hii ya kesho, mtu akija ofisini akaiomba?"

Alisimama, akaweka kikombe chini, akagonga nguzo ya mlango kwa mazoea tu, akaenda.

Nimesoma yote niliyoandika. Nilidhani mwishoni nitamwona mtu mmoja, mzuri au mbaya, nimwambie ndiyo au la. Naona mtu anayebeba mawe kwa begi ili tusikanyage matope, na ambaye hakuuliza kama twataka mawe. Mama ananiuliza kama nimeamua. Nimemwambia bado. Kitu kimoja tu kinanirudia: yeye mwenyewe ndiye aliyenikataza kumwamini.

Jumamosi.

Nilienda. Nilitoka peke yangu, nikawakuta wanawake wa bondeni wamesimama kwenye ile nguzo ya simu, senje mbele, mwiko wa mandazi mkononi. Wanafunzi walikuwa wameshasimamisha darubini upande huu, wamesongamana nyuma yake kama kuku wa mvua. Yule msichana wa khaki alikuwa kati yao, ameshika kijiti cha nyekundu na nyeupe.

"Wamekuja kutusoma tena!" mwanamke mmoja alipiga kelele. "Leo mtapima matope!"

"Mulembe, senje," nikamsalimia kwa lugha ya kwetu.

"Mulembe, mukhana wange, binti yangu. Na wewe unatembea na hawa?"

Lecha, aliyesimama kando ya wanafunzi wake, alinitazama. Alikuwa anangoja niseme yale aliyoniomba. Sikuyasema. Nilimwambia senje, kwa sauti ambayo nafikiri yeye peke yake aliisikia, aje aangalie. Alikataa. Nikamshika mkono. Akainama, akafumba jicho lisilofaa, wanafunzi wakamwelekeza, akafumba lingine.

"Uwi! Nyumba yangu imesimama kwa kichwa!"

Wanawake wakarudi nyuma wote pamoja.

"Hicho ni kioo tu, senje," nikasema, na safari hii nadhani wote walisikia. "Kioo hakigeuzi nyumba. Ile karatasi wanayoenda nayo ndiyo inageuza. Mimi sisemi mmwamini huyu mtu. Hata mimi simwamini. Nasema wakipima, ramani ichorwe hapa hapa, ziwe mbili, na moja ibaki kwako."

"Haijawahi kufanywa hivyo," Lecha alisema. "Kuchora ni Chuoni, mezani."

"Kama meza ndiyo shida," senje akasema, "meza ya mandazi iko."

Watu wakacheka, kwanza wanawake, halafu wanafunzi. Lecha hakucheka. Aliishika tai yake, akaiacha. Kisha akamgeukia senje na kusema, "Mama, tunaomba ruhusa kupima hapa. Na tunaomba meza."

Senje akaielekezea meza mwiko wake. "Futeni unga kwanza," akasema.

Walipima, wakachora. Yule msichana wa khaki alinipa penseli yake bila kusema kitu. Ramani yao ilikuwa safi kweli: kijito, mteremko, kimo cha kila mahali. Lakini pale penye nyumba palikuwa peupe, wameandika neno moja tu, vibanda. Kwenye ile ya pili, yetu, mimi nikaanza kuzijaza. Wanawake walinizunguka wakinitajia. Huyo ana mlango wa samawati. Huyo ameongeza chumba nyuma. Weka na choo, choo ni cha wote.

Lecha aliinama begani kwangu. "Kwenye ramani nyumba haichorwi hivyo," akasema polepole. "Inachorwa kama mtu anavyoiona kutoka juu."

"Najua," nikasema. Nikaichora ya senje hivyo hivyo, mlango mbele, kanga kwenye kamba, na paa juu.